Shaba ya Mzee Nabhani

Jumamosi, 8 Novemba 2014

Muhanna kaja asubuhi, hata mbuzi sijamaliza kuwakamua. Jirani yetu huyu haji mikono mitupu. Leo kaja na kikapu cha makomamanga, nikajua ana haja kubwa.

Mpwa wake anaoa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Baada ya ngoma ya panga, wanaume watashuka bondeni kupiga shabaha. Kwa martini, zile bunduki za babu zao za kutia risasi moja moja. Anataka risasi arobaini.

Akaingia kwa Baba. Nasema Baba, ni baba mkwe wangu, Mzee Nabhani. Miaka themanini na mitatu. Siku hizi haondoki kwenye godoro lake la dirishani ila kwa swala. Muhanna akambusu kichwani, akasema: Ami, maganda ya risasi nataka yale yako ya zamani. Haya mapya ya mjini Bahla sitaki, nisije nikaaibika mbele ya wakwe!

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Shaba ya siku hizi? Ya mabomba ya maji hiyo!"

Basi akanitazama mimi. Maana kazi ya kujaza risasi ni yake kwa jina, kwa mikono ni yangu. Ilipoanza kumtetemeka mikono alinifundisha mimi kwa sababu hakubaki mwingine. Mwanawe, mume wangu, ameshatangulia miaka minane sasa. Kijiji kizima kinajua nani anajaza. Wakisifu wanamsifu yeye. Sawa. Sijaona ubaya.

Maganda ya zamani yaliyo mazima ni thelathini na moja tu. Mengine tisa itabidi yatoke kwa Rahimdadi, yule fundi Mbaluchi wa Bahla anayekereza maganda kutoka kwenye nondo ya shaba. Nilimwambia Baba hivyo. Akasema: Hayo tisa wape wapumbavu.

Makomamanga matamu. Nimekula mawili peke yangu.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimeyatoa maganda bandani. Machi mvua ilipovujisha stoo nilihamishia masanduku kule kwa mbuzi, juu ya ubao, nikasema ni kwa wiki moja. Wiki ikawa miezi minane. Ndivyo nilivyo.

Yamefanya kijani! Nimeyaosha kwa ndimu na chumvi, nikayasugua na mchanga laini mpaka yakang'aa, na alama ya kitakoni, herufi mbili na mshale, ikasomeka kwa kila moja. Baba akataka ayapime mwenyewe. Kipimo chake ni kimoja tangu ujana wake: unaliangusha ganda juu ya jiwe, unasikiliza. Zima hulia kama kengele. Bovu hukohoa. Yeye hakubali kipimo kingine.

Nikawa naangusha, yeye kafumba macho. Tiing. Zuri. Tiing. Zuri.

La kumi na mbili likasema ko. Kama kijiko cha mti.

"Zuri," kasema Baba.

Nilimtazama. Kafumba macho, anatabasamu. Nikaendelea. La kumi na tisa — ko. Zuri. La ishirini na sita, lile lilikohoa kabisa, hata paka aligeuka. Zuri!

Ningesema nini? Baba, masikio yako yamekwisha? Mtu aliyenifundisha mimi kusikiliza? Yale matatu nimeyaweka kando, nyuma ya kopo la baruti. Nitamwambia yamepotea.


Alhamisi, 13 Novemba

Leo nimelainisha shingo za maganda kwa moto wa gesi. Unalishika ganda kwa vidole, kwa kitako, unalizungusha motoni. Vidole vikiungua, limeiva — litie majini. Vidole vyangu vimekuwa kama vya mpishi.

Baba alitaka ayashike. Akahesabu kwa kupapasa, polepole, moja moja. Ishirini na nane.

"Matatu yako wapi?"

Nikasema labda yamebaki sandukuni. Akasema: Binti, haya nimeyabeba tangu kabla hujazaliwa huko kwenu Bujumbura. Nimelala juu yake mlimani, vitani. Yatafute!

Nikaenda nyuma ya kopo, nikayatoa. Nikayatazama kwenye mwanga. Sikuona kitu. Nikaona labda kosa ni la jiwe. Labda niliangusha vibaya. Nikayarudisha kwenye kundi na mikono yake ikayachanganya na mengine palepale, kwa furaha, kama anayecheza na wajukuu.

Sasa hata mimi siyajui ni yapi. Ningeweza kuyaangusha tena yote. Sikuyaangusha.


Jumanne, 18 Novemba

Sikukuu ya Taifa. Bendera kwenye magari, honi mpaka huku mlimani.

Rahimdadi kaleta maganda yake tisa. Kapanda na pikapu ya mtu, kasimama uani kofia mkononi. Ana miaka kumi na minane Bahla, Kiarabu chake bado kina vumbi la kwao, lakini mikono yake! Kila ganda kitako sawasawa, mdomo sawasawa, na mstari mmoja wa duara kitakoni, ndiyo alama yake. Ni mazito kuliko ya Baba, baruti inaingia kidogo. Nilimwambia mara ya mwisho; safari hii kayatoboa ndani zaidi. Anasikia anapoambiwa.

Nilikuwa nimekaa najaza. Akaokota ganda moja la Baba ambalo halijajazwa, akaligeuza kwenye jua. Akaligeuza tena. Akasema kwa sauti ya chini: "Dada, hili nalihofia. Lilikaa wapi?"

Kabla sijajibu Baba kapiga kelele kutoka dirishani. Nani anashika vitu vyangu? Wewe mtu wa mabomba! Shaba hii ilikuwa vitani babu yako anachunga ngamia! Weka chini!

Rahimdadi kaweka chini. Kanipungia mkono, kaondoka. Hata kahawa hakunywa, na ilikuwa tayari.

Nimejaza lile ganda kama mengine. Arobaini zimetimia. Baba kaniambia: Mkono wako siku hizi ni mkono wangu.


Ijumaa, 21 Novemba

Siwezi kuandika vizuri. Ngoja.

Wanawake tulikuwa juu ya dari, nyumba ya harusi. Thuraya, mke wa Muhanna, shoga yangu wa miaka ishirini na mitano, alikuwa ubavuni kwangu na sahani ya halua. Wanaume bondeni. Shabaha ni jiwe jeupe upande wa pili wa wadi, ule mto mkavu. Muhanna akaja mbele, kanzu nyeupe, jambia la babu yake, kapiga goti. Thuraya akanisukuma: "Mtazame! Utadhani yeye ndiye bwana harusi. Nyumbani hawezi kupiga hata msumari!" Tulicheka.

Alipiga ya kwanza, vumbi likaruka kwenye jiwe. Vigelegele. Akatia ya pili.

Haikulia kama bunduki. Ililia kama sufuria iliyopasuka motoni.

Moshi ulitoka nyuma badala ya mbele. Aliinuka mwenyewe. Alitembea! Hatua tatu nne, mkono usoni, anauliza kilemba chake kiko wapi. Halafu kanzu ikawa nyekundu mpaka kiunoni na watu wakakimbia, na Thuraya alikuwa ameshashuka ngazi bila viatu. Sahani ya halua mikononi mwangu. Sijui alinipa saa ngapi.

Wamempeleka hospitali, Nizwa.

Narudi nyumbani, Baba anauliza: Mbona wamenyamaza? Wamemaliza risasi?


Jumamosi, 22 Novemba

Jicho la kulia limetolewa.

Thuraya kanipigia simu, hakulia. Kasema: Mwombee, na uwape mbuzi wangu majani. Basi. Nimewapa majani.


Jumapili, 23 Novemba

Saidi, mdogo wake Muhanna, kaja na bunduki kaifunga kwenye shuka. Polisi wameshaandika yao: ajali. Wamekwenda. Lakini kitako cha ganda kimenasa ndani, mlango wa bunduki haufungi. Bunduki ya babu yao, hawataki ioze hivyo. "Mama Wafaa, wewe unaweza. Mwenzetu yuko hospitali, walau bunduki yake ipone."

Na akasema — alisema kama jambo lililokwisha — kwamba yule Mbaluchi ataondoka. Wameongea na kafili wake, mdhamini anayemwekea kibali. Shaba yake ni ya takataka, imemtoa mtu jicho. Bondeni waliokota vipande viwili tu vyembamba, havina alama, lakini nani asiyejua? Maganda ya Mzee Nabhani hayajapasuka miaka hamsini!

Baba akasema kutoka dirishani: "Sikuwaambia? Mabomba ya maji!"

Nikaifanyia kazi bunduki uani, peke yangu. Mafuta ya moto, fimbo ya mti kutokea mdomoni, kugonga kidogo kidogo. Damu ilikuwa imekauka kwenye mbao. Niliisafisha kwanza ile damu. Kisha kitako kikalegea, kikaniangukia kiganjani.

Nilijua kabla sijakigeuza. Kwa wepesi wake.

Herufi mbili na mshale. Hakuna mstari wa duara. Na pembeni, palipochanika, mchaniko haung'ai kama shaba iliyochanika juzi. Nusu yake ni nyeusi. Ulikuwepo zamani. Ulikuwa unangoja.

Saidi kaja kuchukua bunduki kabla ya magharibi. Kaniuliza kama kuna kitu ndani. Nikasema kilitoka vipandevipande, nimetupa.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Haya maandishi ya Kiswahili humu ndani hakuna wa kuyasoma, si Baba, si binti yangu Wafaa. Basi angalau hapa niseme kweli.


Jumatatu, 24 Novemba

Rahimdadi kapiga simu asubuhi. Karakana yake imefungwa, kafili kachukua ufunguo. Kapewa mpaka Jumanne ijayo. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Dada," kasema, "kitako kiko wapi? Kitako kina alama. Waambie wakitafute kitako. Kitako kitasema."

Nikasema sijakiona.

Nasikia magari ya Bahla nyuma yake. Kisha akasema: "Basi kitakuwa kimepotea bondeni. Nitakwenda kukitafuta mwenyewe." Na alikwenda! Saidi kasimulia kwa wenzake, wanacheka, kwamba Mbaluchi leo kutwa kainama kule wadi kwenye mawe kama mtu anayeokota zaituni.

Kitako kiko kwenye kopo la iliki.


Jumatano, 26 Novemba

Yalibaki maganda kumi na manne ya Baba yaliyopigwa siku ile kabla ya Muhanna, wamenirudishia kwenye mfuko. Leo nimeyaosha, nikayatazama kwa kioo cha kukuzia cha Baba. Matano yana nyufa. Nyufa kama unywele, zinapanda kutoka kitakoni, hazionekani ila ukilibana ganda kwa kidole. Moja limefunguka mpaka sindano inaingia.

Matano, si yale matatu tu! Wanaume watano walipiga goti na kuweka shavu kwenye ile bunduki, wakainuka salama, wakaenda kula.

Nikampelekea Baba. Nikakaa chini mbele yake na lile jiwe.

Nikaangusha. Ko.

"Zuri," kasema.

Nikaangusha lile lililofunguka. Halikulia kabisa. Lilianguka kama kipande cha udongo.

"Zuri."

Nikamshika mkono, nikamwekea kidole chake kwenye ufa. Kidole kikapita juu. Kikarudi. Kikapita tena. Sijawahi kumwona Baba hivyo. Uso ulikaa vilevile lakini nyuma yake mtu alikuwa ameondoka.

Akaniuliza: "Uliyaweka wapi?"

Bandani, nikasema. Mvua. Kwa mbuzi.

"Mkojo," kasema Baba. "Mkojo wa wanyama unakula shaba. Jeshini tulikatazwa kuweka risasi karibu na banda la nyumbu. Kila askari alijua." Kidole kikarudi kwenye ufa. "Sikukuambia."

"Hukuniambia, Baba. Lakini nilisikia. Siku ile nilisikia matatu hayalii. Sikukuambia."

Nilidhani atanipiga au atalia. Aliuliza kitako kiko wapi, nikamwambia. Akasema kizikwe. Nikasema Baba, yule mtu anafukuzwa Jumanne. Akasema:

"Yule ana kwao. Atarudi kwao. Mimi na wewe tutarudi wapi?"

Kaniambia mimi hivyo! Mimi niliyeletwa huku Uarabuni na miaka kumi na minne, begi moja, nikachekwa kwa lafudhi yangu mpaka nikazaa. Nilitaka kumwambia kwamba Rahimdadi ana miaka kumi na minane hapa, kwao hana hata mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Nikaona kidole chake bado kiko kwenye ganda, kinapapasa ufa, kinapapasa.

Nikainuka kupika.


Alhamisi, 27 Novemba

Muhanna karudishwa nyumbani. Baba hajala tangu jana.


Ijumaa, 28 Novemba

Nimemwambia Thuraya.

Sikupanga. Nilipeleka supu. Muhanna alikuwa kalala chumba cha ndani, bandeji nusu ya uso, redio inasoma Kurani kwa sauti ndogo. Thuraya jikoni anachagua mchele. Nikakaa, nikachukua sinia upande wangu, tukachagua pamoja kama siku zote. Akasema: "Asubuhi alijaribu kumimina kahawa. Alimimina pembeni ya kikombe. Akacheka. Mimi nikatoka nje."

Ndipo nikasema. Yote. Banda, maganda matatu, kopo la iliki, simu ya Rahimdadi.

Hakuacha kuchagua mchele. Aliuliza mara moja tu:

"Ulisikia kwa masikio yako kwamba hayalii?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza kwa ajili ya heshima ya mzee."

"Ndiyo."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. Akatoa kingine. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia: "Toka kwangu, Zuwena. Sikufukuzi. Toka tu, maana kuna neno linakuja na mimi sitaki kukuambia neno hilo."

Nimetoka. Viatu nimevaa nje, kushoto kulia, kulia kushoto. Nimefika nyumbani ndipo nikaona.

Miaka ishirini na mitano. Yeye ndiye aliyenikata nywele nilipofiwa.


Ijumaa, baada ya alasiri

Nimemwambia Baba kwamba nimesema. Nilipaaza sauti ili asikie, nikamwambia mara mbili. Mara ya kwanza alisikia, nadhani. Aligeukia ukuta.


Jumamosi, 29 Novemba

Nyumba ina wageni. Naandika hapa jikoni, daftari juu ya gunia la unga, kahawa iko motoni.

Wamekuja saa nne. Saidi mbele, Muhanna kamshika bega, na nyuma yao — Rahimdadi. Pikapu ya Saidi ndiyo iliyomleta, na Saidi kanuna kama aliyebebeshwa mzigo wa mtu. Muhanna ndiye aliyetaka. Thuraya kampasha habari, basi. Hakuja yeye. Nilitazama mlango mpaka ukafungwa.

Muhanna kapungua. Kanisalimu kwa adabu ileile, "Hujambo, Mama Wafaa," lakini kageuza kichwa kizima ili anione. Kila kitu sasa itabidi ageuze kichwa kizima.

Wamekaa. Mlango wa katikati nimeuacha wazi kidogo. Rahimdadi kakaa mwisho kabisa, karibu na viatu. Mikono yake ina michubuko, ya mawe ya wadi.

Habari za afya. Habari za mvua. Hakuna mtu anayeanza! Saidi anazungusha funguo za gari.

Muhanna ndiye kaanza. Kasema polepole, kwa sauti ya kupaaza, maana ameshaambiwa kuhusu masikio: "Ami. Jicho limekwenda, halirudi, na aliyeliandika ni Mungu. Sikuja kudai. Nataka kujua tu limekwenda na nini. Nikilala ndilo ninalouliza. Ganda lilikuwa la nani?"

Nasikia saa ya ukutani.

"Nimeambiwa kitako kipo," kasema Muhanna.

Baba kakohoa. Nakijua kikohozi hicho. Kisha akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya sabla, baraza la wanaume, ya kuamua mambo ya watu:

"Kitako hakipo. Kilitoka vipandevipande. Binti yangu alitupa."

Ee Mola. Maneno yangu! Kayachukua maneno yangu niliyomwambia Saidi, neno kwa neno. Kanijengea mimi nyumba ya uongo niingie nikae.

Rahimdadi kasema kitu kwa sauti ndogo, sikukisikia. Saidi kamjibu: "Wewe nyamaza, hujaulizwa." Muhanna akasema: "Mwache aseme." Rahimdadi akainamia mikono yake.

Muhanna karudia: "Ami, nakuuliza mbele ya Mungu."

Baba hajajibu. Labda hakusikia. Nataka sana kuamini kwamba hakusikia.

Sasa ananiita. "Zuwena!" Baba haniiti jina, huniita binti. "Zuwena, lete kahawa!"

Kahawa tu. Anataka niingie na birika, nimimine kwa mkono wa kushoto, vikombe kwa wa kulia, nianze na Muhanna, nitoke. Mwanamke akileta kahawa haulizwi. Ndiyo njia anayonipa. Na ndiyo njia anayojipa mwenyewe, mzee wa watu, miaka themanini na mitatu, amekaa wima kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Nimepanga sinia. Birika. Vikombe vinne — nimeongeza cha tano, changu; kimoja kilikuwa na ufa mdomoni, nimekibadilisha. Tende za khalasi. Kopo la iliki liko wazi mbele yangu.

Nimekitoa kitako. Nimekifuta kwa ncha ya shela yangu mpaka herufi zikasomeka. Nimekiweka kwenye sinia, kando ya tende, alama juu.

Ananiita tena. Kahawa imechemka, imemwagika jikoni, sijali. Naacha kalamu, mikono yote miwili inahitajika kwa sinia hii.